Kamba ya Pili ya Nahashon

Nahashon Odera hupaka rangi magorofa hapa Kariobangi, na sote tunamwita Astronoti. Kosa ni lake mwenyewe. Kila saa ya chai anafungua simu atuonyeshe video za watu wanaotengeneza chombo chao huko angani, wakiwa nje.

"Ona huyu, Musau," ananiambia. "Hafungui kulabu moja kabla hajafunga nyingine. Akiachilia, anaelea. Mlango uko hapo tu, lakini hawezi kuufikia, maana hana pa kukanyaga ajisukume."

"Sisi tuna bahati," namjibu. "Tukiachilia hatuelei. Tunafika chini mara moja."

Mafundi hucheka. Yeye hacheki.

Jumamosi moja tulikuwa tunamalizia ukuta wa nyuma, orofa ya tano, tukining'inia kwa kamba kutoka paani. Kamba yangu ya pili, ile ya akiba, ilikuwa nyumbani; mke wangu Eve alikuwa ameianikia nguo. Basi nikafunga ile moja kwenye tangi la maji paani, kama tulivyozoea. Tangi la lita elfu tano likijaa, nani atalisogeza?

"Hushuki hivyo," Nahashon akasema. Akafungua kamba yake ya pili kiunoni, akaifunga kwenye nguzo ya ngazi. "Shika. Leo mimi nabaki juu."

Nilimwita mwoga mbele ya watu. Lakini nikaifunga kiunoni, ili tu anyamaze.

Kumbe mifereji ilikuwa imekauka tangu Jumatano, na Jumamosi ni siku ya kufua. Nyumba ishirini zilikuwa zimeamka na mabeseni. Nilipoegemea kamba, nikasikia kitu kinakwaruza paa. Kamba ikalegea. Mimi huyooo!

Kamba ya Nahashon ikanidaka chini ya veranda iliyotokeza nje ya ukuta. Ukuta ulikuwa hapo mbele, na mguu haufiki. Nikarusha mateke, nikazunguka tu. Nilimwita mama yangu, sioni haya kusema.

"Wacha mateke!" Nahashon akaita kutoka juu. "Tulia, Musau. Tunakuvuta."

Walinivuta. Nikakaa paani nikalia kama mtoto. Kisha nikamwuliza, "Ulijua tangi ni tupu?"

"Ningejulia wapi, omera, ndugu yangu? Ningejua balaa litatokea wapi, kamba moja ingetosha."

Nilipofika nyumbani sikumsalimu mtu. Nilienda moja kwa moja kuanua nguo.

"We Musau, hazijakauka!" Eve akapiga kelele.

Nikamwambia zikaukie popote, kamba naenda nayo.