Majigambo ya Dishon Ndani ya Kompyuta

Jamani, wenzake walijisifu kwa mdomo, Dishon akajisifu kwa programu. Mwaka wa tisini na saba yeye ndiye aliyeandika programu ya stoo katika duka la spea za baiskeli la Gurdial, hapa Kisumu, na tangu siku hiyo kichwa kilimvimba.

Ndani ya Windows kuna mahali panaitwa rejista, ambapo kila programu huweka mipangilio yake chini ya funguo zenye majina. Watu wenye akili huweka huko jina la printa. Dishon aliweka ufunguo uitwao Sifa, akaiamuru programu iusome kila inapofunguka na kutandaza maneno yake kwenye skrini nzima: "Dishon, dume la Pap Onditi, mume wa Awuor, mla samaki mbuta na miba yake!" Majigambo ya kwenye ngoma, kayaleta dukani!

Mume gani? Awuor hata hajaposwa! Na asubuhi moja mama yake Awuor, Beldina, akatokea Sondu kuja kumkagua huyo anayemtaka binti yake. Sasa, mbele ya mama mkwe, Mjaluo huinamisha kichwa, hajigambi hata chembe. Beldina akiyaona maneno yale, posa imekufa.

"Dishon, onyesha Mama kompyuta!" Gurdial akaropoka.

Dishon akawahi kibodi. Akaingia kwenye rejista mbio, akaufuta ufunguo wa Sifa, akashusha pumzi. Lo! Alisahau kwamba aliiamuru programu hivi: ufunguo ukikosekana, onyesha maneno ya akiba. Na maneno hayo aliyaandika siku za kujaribujaribu, kabla hajamjua Awuor. Programu ikafunguka: "Dishon, kapera wa milele, wanawake wanamlilia mpaka Nyamasaria!"

Beldina akayasoma kwa sauti, neno kwa neno. Gurdial akajifanya anatafuta spana.

"Wanakulilia wangapi?" Beldina akauliza.

"Hakuna, Mama." Dishon alikuwa anaongea na viatu vyake.

"Hata mmoja?"

"Haki ya Mungu, hata mmoja. Nilikuwa najidanganya tu."

Beldina akavuta kiti, akaketi, akaguna.

"Huo nao ni uongo. Mmoja yuko kwangu, analia asubuhi na jioni, hata ugali hasongi. Njoo umchukue, nimechoka."