Ukungu Kwenye Vioo vya Fundi

Fundi wa vioo alikuwa na kichwa kigumu, sitamsitiri. Kipande cha kioo kiliporuka kikamtoboa jicho la kushoto, daktari alisema jicho litolewe upesi, na yeye akakataa katakata. Macho yale aliyarithi kwa marehemu mama yake. Kila alipotundika kioo kipya pale karakana, alimwona mama akimtazama.

"Limekufa, sawa. Lakini likae mahali pake."

Daktari alikuwa mwanamke mpole. "Baba, nisikilize. Mwili una askari wake. Wakivamia jicho kwa fujo zao watalipofusha, kwa hiyo jicho huwatuliza, huficha vitu vyake, nao hawavijui. Sasa lako limepasuka na siri imemwagika. Wakijifunza kuviwinda, watalifuata hili zima. Lina vitu vilevile."

"Yaani mwili wangu unile mimi mwenyewe?"

Alicheka mpaka muuguzi akamnyamazisha.

Kidonda kikafunga, jicho likanywea, kazi ikaendelea. Miezi ikapita. Asubuhi moja akainua kioo cha saluni, akaona ukungu. Akakisugua kwa gazeti na siki. Ukungu uleule. Akashusha kingine, na kingine, akaja juu.

"Mama watoto! Siku hizi unafutia nini, mafuta?"

"Nimevifuta sasa hivi," mkewe akajibu.

Akabadilisha siki. Akagombana na muuzaji wa vioo, maskini wa watu. Mtu mwingine angeshuku jicho lake, ila kwake yeye, maisha yake yote ukungu ulikuwa kosa la kioo. Na humo ndani ya ukungu mama alikuwa anarudi nyuma, kidogo kila siku, kama mtu anayeondoka bila kuaga.

Siku moja mkewe akamshika mkono uliokuwa unasugua.

"Baba watoto, acha. Kioo ni safi. Najiona mpaka kope."

Fundi akamgeukia. Jicho lake zima lilikuwa jekundu, na mwanga wa mlangoni ulimchoma hata akajikinga kwa kiganja. Hapo ndipo maneno ya daktari yalipomrudia. Askari waliomwinda walikuwa ndani yake, na hakuwa na mlango wa kuwafungia.

"Na mama?" akauliza kwa sauti ndogo. "Pale kwenye kioo. Bado yupo?"

Mkewe akatazama kioo, kisha jicho la mumewe.

"Yupo. Anasema uvae viatu, twende hospitali."

Fundi akainama, akavitafuta kwa mikono.