Kwenda Ruiru Kudai Kioo Changu

Jumanne hiyo asubuhi, nyumbani kwangu Makongeni, nilikuwa nimemaliza sala na kumimina chai wakati Fundi Maina wa Ruiru aliponipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeleta habari za arusi.

"Mzee, mashini yako imepona kabisa. Nimekuwekea skrini flati, sasa unaona habari, unaona mpira, kila kitu. Ile tyubu ya zamani nimekutolea, ilikuwa inajaza nafasi tu. Watu wa skrepu watabeba."

Nikaweka kikombe chini. Sikukigusa tena.

Wengi wenu mnanijua kwa mambo mawili: mzee wa kanisa, na fundi umeme niliyestaafu kiwandani hapa Thika. Wachache sana mnajua kwamba chumba changu cha nyuma kina mashine kumi na moja za michezo, zile za zamani za kuunganishwa na televisheni, zenye kaseti nene na vishikio vya kuzungusha. Nyingine nilipewa na watu waliokuwa wakihama, nyingine nilizitoa kwenye marundo ya mitumba zikiwa na mende ndani. Nazifungua, nasugua miguu ya kaseti kwa pamba na spiriti, nabadilisha springi. Namshukuru Mungu kwa kazi hiyo ndogo, kwa maana mikono iliyozoea nyaya haipendi kupumzika.

Kati ya hizo kumi na moja kuna moja isiyohitaji televisheni, kwa kuwa ina kioo chake, ndiyo hiyo tyubu ya Maina. Na kioo hicho si kama vingine. Televisheni hufagia: nuru yake huanza pembe moja na kwenda mstari kwa mstari mpaka chini, hata mahali pasipo na kitu, kama mtu anayelima shamba zima ili apande muhindi mmoja. Mashine yangu hailimi hivyo. Nuru yake hutoka nukta hii ikaenda moja kwa moja hadi nukta ile, kama kalamu mkononi mwa mchoraji, na palipobaki panabaki peusi, peusi kweli. Mstari wake ni mwembamba na mkali kuliko picha yoyote niliyoiona kwenye simu za wajukuu. Bodi yake ikiharibika naweza kuunda nyingine polepole. Kioo hakiundwi tena popote. Kikivunjika, basi.

Nilikuwa nimeipeleka kwa Maina kwa sababu mistari ilianza kutetemeka, na macho yangu siku hizi hayaoni vizuri ncha ya chuma cha kuchomelea. Nilimwomba abadilishe kapasita tatu. Tatu tu! Sasa alikuwa ameng'oa moyo na kuniwekea kitu cha kutazama mpira.

Saa tatu nilikuwa barabarani. Nilivaa koti, nikatia mfukoni kaseti na kishikio ili niijaribu mashine hukohuko, nikaingia kwenye pikapu ya jirani yangu Kariuki, ambaye kila Jumanne hupeleka mayai Ruiru.

"Baba Wanjiku," akasema, "leo hata salamu hakuna? Umemeza nini?"

"Nimemeza hasira."

"Basi usiiteme kwa mayai yangu."

Tuliposhika barabara kuu nilijaribu kuomba, nikashindwa. Kila nilipofumba macho niliona shingo ya kioo changu. Tulipita Witeithie, tukafika Juja, na huko nikazidi kuwaka, kwa maana kila nilipotazama palikuwa pameota ghorofa mahali nilipojua mashamba ya kahawa. Watu wa siku hizi wana ugonjwa gani? Kitu kikifika miaka arobaini hawaulizi kinafanya kazi gani, wanauliza kitatolewa lini. Nilimwambia Kariuki hivyo. Akajibu kwamba kahawa ilimlipa baba yake marehemu malimbikizo ya ahadi tupu, na ghorofa linampa yeye wateja wa mayai. Sikukubaliana naye.

Saa nne kasoro robo Kariuki alinishusha Ruiru mjini na kwenda kwenye maduka yake. Karakana ya Maina ni kontena la bluu nyuma ya duka la dawa za mifugo. Maina ni mtu wa miaka hamsini, mpole, mwenye kalamu sikioni. Alikuwa ameipangusa mashine yangu ikang'aa, ameiweka juu ya meza karibu na mlango ili wapita njia waione. Ndani ya sanduku langu, mahali penye giza lile safi, alikuwa amesimama mtu wa tai akisoma bei ya mafuta.

"Ona hiyo picha, Mzee! Na haili stima."

"Nani alikuambia uing'oe?" Nilisema kwa sauti ambayo sijaitumia tangu nilipokuwa na vijana chini yangu kiwandani. "Nilikuambia kapasita tatu. Umechukua kitu usichokijua ukakitupa kama maganda ya ndizi! Wewe ni fundi ama mchinjaji?"

Watu wawili waliokuwa wakipita walisimama. Maina hakupandisha sauti. Alitoa kalamu sikioni, akafungua daftari lake, akanisogezea.

"Soma hapo, Mzee. Ni mwandiko wangu lakini ni maneno yako."

Palikuwa pameandikwa: *TV ndogo ya Mzee, Makongeni. Picha inatetemeka.*

"Si ulisema ni TV?" akaendelea. "Nimebadilisha kapasita zako tatu, nikawasha, nikaona nukta moja katikati. Nukta tu. TV yenye inaonyesha nukta imekufa kufagia. Nikatafuta saketi ya kufagia. Hakuna! Hata pahali pake hakuna. Nikasema, kuna fundi mwizi alifungua TV ya huyu mzee akakula vitu vyote. Wacha nikuambie ukweli, nilikasirika kwa niaba yako. Hiyo skrini flati sikuwa nakulipisha."

Ni kweli nilimwambia ni televisheni. Nilitoa kaseti kabla ya kuipeleka, nikaficha kishikio, nikasema *televisheni ndogo ya zamani* bila hata kupepesa macho. Mwaka uliopita nilisimama mbele ya kanisa pamoja na wazee wenzangu tukawaonya wazazi juu ya vibanda vya gemu. Nilisema michezo ile inakula akili za watoto. Kisha nilirudi nyumbani, nikafunga mlango wa chumba cha nyuma, nikacheza saa nzima kabla ya chakula. Mtu wa namna hiyo angewezaje kumwambia fundi kwamba mashine ni yake?

Lakini hasira haikuondoka. Ilihama tu, ikakaa mahali pabaya zaidi.

"Kioo kiko wapi?" nikauliza.

"Bodi zako ziko kwa hii katoni, huwa situpi bodi. Tyubu imeenda na mkokoteni saa mbili. Ni mkokoteni wa Mama Shiku wa skrepu, kule Kimbo." Aliniangalia usoni. "Kwani ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima, Maina. Haikuwahi kuwa televisheni."

Hakuuliza zaidi. Alivuta mlango wa kontena, akafunga kufuli, akaita bodaboda mbili.

Kimbo iko nyuma kidogo, upande wa kurudi Thika. Yadi ya Mama Shiku ina ua wa mabati na mizani inayoning'inia kwenye boriti. Mlangoni nilisikia sauti niliyokuwa nikiiogopa tangu asubuhi: pigo dogo la chuma, kisha *fsss*, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Hiyo ndiyo sauti ya tyubu inapovunjwa shingo na hewa kuingia. Hufanywa hivyo ili koili ya shaba iliyovikwa shingoni itoke upesi. Mfanyakazi mmoja alikuwa ameinama na nondo mbele ya safu ya tyubu zilizolazwa kifudifudi, shingo juu, kama kuku waliofungwa miguu sokoni. Tatu zilikuwa zimekwisha pumua. Yangu ilikuwa ya tano.

"Simama!" nikapaza sauti. "Hiyo ni yangu!"

Mama Shiku alitoka nyuma ya mizani, mwanamke mnene mwenye aproni ya ngozi na glavu moja.

"Guka, karibu babu. Kwanza pumua. Unauza ama unanunua?"

"Nadai. Ile ndogo ya tano imeletwa hapa kwa makosa."

"Hapa hakuna makosa, kuna kilo tu." Wafanyakazi wakacheka. "Kila wiki mtu anakuja akiniambia hiyo tyubu ni ya TV ya marehemu mama yake. Namwonea huruma, namrudishia, kesho naona koili yake kwa yadi ya jirani. Huruma ilinifilisi, Guka."

"Huyu ni mtu wa kanisa, Mama Shiku," Maina akasema.

"Hata hao wengine walikuwa watu wa kanisa." Aliinama, akaigonga koili yangu kwa ukucha. "Na hii si ya TV. Mimi nimetoa koili miaka kumi na mbili. Koili ya TV naijua hata kwa giza. Hii imesukwa vingine. Sasa, mwenye kitu anajua kitu chake. Niambie hii ilikuwa inafanya kazi gani. Ukinidanganya, Njuguna anaendelea."

Njuguna alikuwa yule mwenye nondo. Alikuwa tayari ameihamia ya nne. Pigo, kisha *fsss*.

Nitasema kweli mbele za Mungu: hata hapo ulimi wangu ulianza na neno *televisheni*. Lilifika kwenye meno. Nilitazama watu saba au wanane waliosimama pale, nikamwona mmoja ambaye huja kwenye ibada za mazishi kwetu, nikayaona macho ya Maina yakinisubiri.

"Ni mashine ya gemu," nikasema. "Ni ya zamani. Inachora kwa mistari. Kuna chombo kidogo kinachopita katikati ya kuta zinazosogea, na ukigusa ukuta umekufa."

"Na nani anacheza? Mjukuu?"

"Hapana. Ni mimi."

Yadi nzima ilicheka. Njuguna alilazimika kuegemea nondo.

"Ngai! Guka, na hiyo miwani?"

"Na miwani hii."

"Unafika wapi?"

"Ukuta wa tisa," nikasema, na sitaficha kwamba nililisema kwa kiburi kidogo.

Mama Shiku alifuta jasho kwa mkono usio na glavu. "Wezi hawajui kujiaibisha hivyo," akasema. "Njuguna, weka chuma chini, mpe guka tyubu yake. Na wewe Maina, utaniletea mbili zilizokufa mahali pa hii. Kubwa, si hizo za inchi kumi na nne."

"Nitaleta tatu," Maina akasema.

Nilivua koti langu nikaifunga tyubu ndani yake. Waya za koili zilikuwa zimekatwa, lakini shingo ilikuwa nzima. Nilimshukuru yule mama hata akaniambia nimtoke, ana kazi.

Saa saba tulikuwa tena ndani ya kontena. Maina alimwondoa mtu wa tai, akarudisha bodi zangu moja moja akiniuliza kila waya, na safari hii nilimjibu kila alichouliza. Tuliunganisha waya za koili. Nikachomeka kaseti na kishikio. Alipowasha, ilitokea nukta, akaguna. Kisha nukta ikakimbia. Ikavuta mstari, mwingine, kuta mbili zikasimama gizani bila kutetemeka hata kidogo.

Maina aliinama mpaka pua yake ikakaribia kioo. "Haiya," akasema polepole. "Haifagii. Inaandika." Halafu: "Mzee, na mimi nilikuwa nimeitupa hii."

Nilimpa kishikio. Alikufa kwenye ukuta wa kwanza, akaniomba arudie, akafa tena. Nilikaa pale nikimfundisha hadi Kariuki alipopiga honi.

Njiani kurudi, mashine ikiwa mapajani na trei tupu za mayai zikigongana nyuma, nilikuwa bado na hasira, ila sasa nilijua ni ya nani. Kutoka Makongeni hadi Ruiru nilikuwa nimemlaani moyoni mtu kwa kosa la kuniamini. Maina alitengeneza kile hasa nilichomwambia. Ukimficha fundi kitu ulichonacho, atakurekebishia uongo wako, na atauremba vizuri mpaka ung'ae. Na ukiwaonya watoto wa wengine juu ya jambo unalolipenda kwa siri, hujawafundisha kitu ila kufunga mlango. Nilipaswa kusema mbele ya kanisa kwamba mchezo una saa yake, na kazi, na shule, na sala zina saa zao. Hilo ndilo ninaloliamini. Nilisema lingine kwa sababu lilipigiwa makofi.

Saa kumi Kariuki alisimama kwenye njia ya kwetu Makongeni. Mzee Gitau, mwenyekiti wetu wa wazee, alikuwa akitoka dukani na mkate. Alikuja kunisaidia kushuka, akalitazama sanduku.

"Umenunua televisheni, Baba Wanjiku?"

"Hapana. Ni mashine ya gemu. Ni yangu, ninaicheza, na nyumbani nina nyingine kumi."

Aliuhamisha mkate kutoka kwapa hili hadi lile.

"Hilo," akasema, "tutalizungumza kwenye kikao Jumapili."

"Vizuri," nikamjibu. "Waambie waweke meza karibu na soketi."