Sabuni ya Tui Zito

Jumamosi nilikuwa dukani Visiga nikisubiri kupimiwa unga. Mwenye duka ni mama mtumishi wa serikali, na mwisho wa wiki hutengeneza sabuni nyumbani kwake. Alikuwa amezipanga mezani, kila kipande na karatasi yake iliyoandikwa kwa kalamu: "Sabuni ya tui zito la nazi."

Akaingia bibi mmoja aliyetoka Kurui kumtembelea mwanawe.

"Shikamoo, bibi," mwenye duka akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hii nayo ina tui kweli?"

"Tena tui tupu, bibi. Inalainisha ngozi."

Bibi akainusa, akaipapasa kwa kidole kama mtu anayekagua nazi sokoni. "Tui la kwanza au la pili?"

Mwenye duka akautazama unga wangu kana kwamba jibu limo humo. Akashusha sauti. "La pili, bibi. La kwanza tuliungia samaki."

Nikajua biashara imeharibika. Bibi akafungua fundo la kanga, akatoa hela.

"Nipe mbili. Ungesema la kwanza, ningeondoka zangu. Nani mwenye akili timamu atamwaga tui zito kwenye sabuni, na samaki wapo jikoni?"

Ukweli ulikuwa umeuza sabuni mbili mbele ya macho yangu, bila tangazo lolote. Bibi alipotoka, mwenye duka akachukua kalamu na kuzisogelea zile karatasi. Nikafurahi, nikidhani anafuta neno "zito".

Kumbe anaongeza "halisi".