Wagiriki Nao Walikamua

Kila asubuhi mama alinipaka samli usoni. Mafuta ya dukani aliyaona ni anasa, ilhali ng'ombe wapo zizini. Ilikuwa miaka ya tisini, tumehamia Mpanda na mifugo yetu kutoka Shinyanga, na darasa la sita lote lilijua kwa harufu kwamba nimefika, kabla sijakaa. Waliniita Mtindi. Nilihamia dawati la nyuma, karibu na dirisha, na kila siku kabla ya kufika shuleni Kashaulili nilijifuta kwa majani hadi mashavu yakawaka. Nilimwonea haya mama yangu mzazi. Sifichi, ndivyo ilivyokuwa.

Siku moja mwalimu wetu wa Jiografia aliandika ubaoni neno galaksi. Akasema limetoka kwa Wagiriki wa zamani, kwenye jina lao la maziwa, kwa sababu walitazama ule ukanda mweupe angani wakaona maziwa. Darasa zima likageuka nyuma.

"Mwalimu, Mtindi yuko huku!" akadakia mmoja. Wakacheka wakipiga madawati.

Mwalimu hakucheka. Aliniita mbele, akanipa chaki. "Wewe ndiye unayeyajua maziwa. Tuchoree yakimwagika yanakuwaje."

Mkono ulijua. Nilichora mkondo mzito katikati, kisha nikadonoa matone mengi pembeni, yale yanayoruka kibuyu kikianguka. Nikaeleza kwamba ukisimama mbali unaona weupe tu, ila ukiinama unaona tone moja moja.

"Na kila tone hapo ni nyota," mwalimu akasema. "Haya, chukueni madaftari, mchore kama yeye."

Wakainama wote, wakanakili maziwa ya nyumbani kwetu. Nilijisikia mrefu kuliko ubao.

Nilirudi nyumbani mbio. Mama alikuwa anasukasuka kibuyu cha maziwa. Nikamweleza yote, hata lile jina la Mtindi nililokuwa nimemficha. Akasikiliza bila kuacha kazi, kisha akauliza, "Kwa hiyo hao Wagiriki nao walikuwa na ng'ombe?"

"Walikuwa nao, mayu," nikasema, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Na huyo aliyemwaga yote hayo hakuchapwa?"

Tulicheka hadi kibuyu kikasimama.

Asubuhi iliyofuata sikusubiri kuitwa. Nilimletea samli mwenyewe, nikamwinulia uso.

"Nipake vizuri, mayu," nikamwambia. "Leo nakaa dawati la mbele."