Mtani Wangu Ameacha Kunitania Tangu Tubishane Simu Yake Ni ya Nchi Gani

Wengi mnaosoma ukurasa huu ni rika la wajukuu zangu. Nimewachagua ninyi kwa sababu wa rika langu wote wananifahamu, na jambo hili siwezi kulisema mbele ya mtu anayenifahamu. Nina miaka sabini na tatu, nimefiwa na mke, naishi Mikumi. Nilikulia kwenye kambi ya mkonge upande wa Kilosa. Shamba lilipokufa tulitawanyika, mimi nikaangukia huku. Hapa mimi ni Mnyamwezi. Watoto wangu ni Wanyamwezi. Ndivyo ijulikanavyo.

Kuna mzee nitamwita Shomari, ingawa si jina lake. Ni Msagara, kwa hiyo ni mtani wangu, naye amenizidi miaka michache. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa hajawahi kupita mlangoni kwangu bila kunitukana. "Nyie Wanyamwezi mlipita hapa na mizigo kichwani, mkasahau njia ya kurudi!" Nami humjibu, "Na nyie mlikaa chini kututazama tukipita, hadi leo hamjainuka." Nikiugua, yeye ndiye anayefika wa kwanza kuniuliza kama jeneza langu liwe refu au fupi.

Miezi michache iliyopita mwanawe alimletea simu mpya kutoka Dar. Jina la simu hiyo sitalitaja. Lina mlio wa Kizungu. Shomari akaja nayo kwenye kijiwe chetu cha kahawa, akawa anaipitisha mkono kwa mkono.

"Shikeni muone uzito. Hii ya Mjerumani, siyo hayo makopo yenu ya Mchina."

Mimi nina ugonjwa wa kusahihisha. Habari za kampuni ile nilishazisoma gazetini, basi nikasema, "Mtani, hiyo ni ya Wachina. Tena huko kwao hata hawaitumii, wanatutengenezea sisi Waafrika. Jina tu ndilo la Kizungu."

Vijana wa bodaboda wakaangua kicheko. "Mzee Shomari kapigwa! Mjerumani wa Kariakoo!"

Shomari hakucheka. Aliirudisha simu mfukoni polepole, akanitazama.

"Kumbe kitu kinaweza kuvaa jina la watu wengine, kikakaa nalo miaka yote, na sisi tukaamini."

"Ndiyo dunia, mtani."

"Haya, wewe unayejua vitu vinakotoka. Kwenu Unyamwezini ni kijiji gani? Nina mkwe Urambo, nimtume akawasalimie."

"Tabora," nikasema.

"Tabora ni mkoa. Nimeuliza kijiji."

Nilikunywa kahawa iliyokuwa imekwisha. Nilipoinua macho, wale vijana walikuwa wameacha kucheka.

Ukweli ni huu. Baba alivuka kutoka Urundi, kama ilivyoitwa wakati ule, kuja kukata mkonge, nami nikiwa mgongoni mwa mama. Msimamizi wa kambi aliwahesabu wote waliotoka magharibi kuwa Wanyamwezi. Baba hakuliomba jina hilo, wala hakulikataa. Lugha ya mama iliishia mlangoni. Nje tulisema Kiswahili. Baba na mama wamezikwa Kilosa, na mahali penyewe siku hizi ni pori, nikienda napapasa tu. Mimi sijawahi kuvuka mpaka wowote kwa miguu yangu mwenyewe. Watoto wangu sikuwaambia. Mwanzoni walikuwa wadogo, baadaye nikaona hakuna haja.

Tangu siku ile Shomari hajanitukana hata mara moja. Akipita anasema, "Habari za asubuhi, bwana," na kuendelea na safari yake. Ninyi vijana mnaweza kuona hiyo ni heshima. Mimi nilisikia baridi.

Kisha akafariki shemeji yangu, tukamzika Kilosa. Msibani tulimsubiri mtani afanye yake: aruke ndani ya kaburi, akatae kutoka mpaka alipwe, awachekeshe waliao. Shomari alikuja, akakaa kwenye mkeka pamoja na wageni, mikono katikati ya magoti. Nikamfuata nikamwamkia, "Shikamoo." Akajibu, "Salama." Marahaba hakuitoa. Mwanangu akaninong'oneza, "Baba, mtani wetu leo anaumwa?" Udongo ukarudishwa kimya kabisa. Nilikuwa sijapata kusikia sauti ya majembe peke yake katika mazishi ya nyumba yetu.

Sasa yupo mjukuu wangu wa kike. Amepata kazi kwenye hoteli moja ya watalii hapa karibu na hifadhi, na kazini wanataka kitambulisho cha taifa. Ofisi ya vitambulisho wameuliza babu zake wametoka wapi, maana asiye raia hapewi, wakasema aje na mzee wa siku nyingi anayeifahamu familia. Bila kuniuliza, akaenda kwa Shomari, ambaye naye amemwita babu tangu ajue kusema.

"Amekubali haraka, babu!" akaniambia kwa furaha. "Kasema, 'Nitakuja Alhamisi. Nitasema ninachokijua.'"

Nikamuuliza, alipokuwa akisema hivyo alikuwa akicheka? Akafikiri kidogo. "Hapana. Alikuwa ananiangalia tu usoni, kama vile ndiyo kwanza ananiona."

Leo ni Jumatatu. Nikimwendea Shomari nikamweleza, nitakuwa nimemkabidhi kile ambacho huenda hadi sasa anakibahatisha tu. Nikitangulia ofisini mwenyewe, wanangu watapata habari za asili yao kutoka barabarani. Nikinyamaza, binti huyu ataingia pale Alhamisi akitabasamu, hajui amefuatana na nani. Ninyi mlio na umri wake, mngependa babu yenu afanye lipi? Niambieni kabla ya siku hiyo.