Shimo la Mama Halikulala Wazi

Simu ya hospitali ilimkuta binti ndani ya shimo la malisho la mama yake, akishindilia mahindi yaliyokatwakatwa. Mama amefariki. Shimo lilikuwa limejaa nusu tu, na hewa ikibaki ndani, silaji, yaani malisho hayo ya akiba, huoza; ng'ombe wangelala njaa kiangazi chote. Binti aliketi palepale akalia.

Shangazi, aliyekimbilia kumpa pole, akavua viatu. "Inuka, mwanangu. Tukiliacha wazi, wifi yangu atafufuka atugombeze. Si unaujua mdomo wake?"

Binti akacheka huku machozi yakimtoka. Waombolezaji waliokuwa wakiwasili wakaingia shimoni, wakajaza mahindi yaliyobaki na kuyakanyaga wakiimba nyimbo za dini, kisha wakafunika kwa nailoni na udongo.

Kesho yake saa nne walisali, wakamzika mama, wakarudi kukamua ng'ombe wake.